Scissors: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maana, Matumizi na Asili ya Neno

“Scissors” ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa anayofundishwa mtoto anayeanza Kiingereza, na bado huwatatiza watu wazima wanaoandika Kiingereza kila siku kazini. Lina herufi isiyotamkwa, lina s ya wingi hata kifaa kikiwa kimoja, na tafsiri zake za Kiswahili zilizozagaa mtandaoni hurudia kosa lilelile. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ambayo wanafunzi, walimu, wafasiri na waandishi wa maelezo ya bidhaa huuliza mara nyingi. Pale ambapo jibu fupi lingempotosha mtu, jibu limeachwa liwe refu.

“Scissors” ni kitu gani hasa?

Ni mkasi: mabapa mawili ya chuma yaliyounganishwa kwa skrubu ya kati, kila moja likiwa na mpini wenye tundu la kuingizia vidole. Ukifumba mkono, makali mawili hupishana na kukata kilichokaa katikati yao. Neno hili linatumika kwa mkasi wa karatasi, wa kitambaa, wa nywele, wa kucha, wa jikoni na hata wa chumba cha upasuaji.

Tofauti ya mkasi na kisu inasaidia kuelewa mengi yatakayofuata. Kisu kina ukali mmoja, kwa hiyo kinahitaji kibao chini yake au mkono wa pili wa kushikilia kinachokatwa. Mkasi hauhitaji kibao, kwa sababu kila bapa ni egemeo la mwenzake. Bapa moja peke yake halikati chochote cha maana. Waingereza walilipa neno hili sarufi ya vitu viwili, na sababu ni hiyo.

Kwa nini kuna s mwishoni ilhali nimeshika mkasi mmoja?

Kwa sababu Kiingereza kinahesabu sehemu, hakihesabu kifaa. Katika lugha hiyo kuna kundi zima la nomino za vitu vyenye pande mbili zinazofanana na kuungana mahali pamoja, na zote huwa katika umbo la wingi daima: “trousers” kwa suruali, “glasses” kwa miwani, “pliers” kwa koleo, “tweezers” kwa kibanio cha kung'olea nyusi, “binoculars” kwa darubini ya macho mawili. “Scissors” ni la kundi hilo.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunakwama hapa kwa sababu ngeli zetu zinatazama kifaa kizima. Mkasi ni U-I: mkasi huu mmoja, mikasi hii miwili. Suruali ni moja, miwani ni moja. Tukivuka kwenda Kiingereza tunabeba hesabu yetu na kuandika “this scissor”, na masikio yetu hayaoni tatizo lolote. Njia ya kujisahihisha ni kusahau kifaa kilicho mkononi na kukumbuka mabapa yake mawili kila unapoliandika.

Basi niseme “is” au “are”?

Sema “are”. “The scissors are on the table” ni sahihi hata kama mezani kuna mkasi mmoja tu. Viwakilishi na vivumishi navyo hufuata wingi: “these scissors”, “those scissors”, “where are my scissors?”, na jibu lake ni “they are in the drawer”. Kosa linalojificha zaidi liko hapo kwenye jibu. Mwanafunzi anaandika swali vizuri kwa “are”, halafu sentensi inayofuata anateleza na kuandika “it is in the drawer”.

Ukitumia “a pair of scissors”, kitenzi kinarudi umoja, kwa sababu sasa neno kuu ni “pair”: “This pair of scissors is too blunt for cloth.” Katika mazungumzo ya kawaida utawasikia hata wenye lugha wakichanganya hapa, lakini kwenye mtihani au maandishi rasmi shika kanuni hiyo.

Ukitaka kutaja idadi, hesabu “pairs”: “two pairs of scissors”, “five pairs of scissors”. “Two scissors” husikika mitaani na hueleweka, ila mhariri makini ataisahihisha.

“A pair of scissors” kwa Kiswahili ni “jozi ya mikasi”?

Hapana! Kosa hili limeenea mno na linastahili kupigwa vita. “A pair of scissors” ni mkasi mmoja. Ukimwandikia mtu “leta jozi ya mikasi”, umemwambia alete mikasi miwili, na hana kosa akiileta.

Jozi katika Kiswahili ni vitu viwili kamili vinavyokwenda pamoja: jozi ya viatu, jozi ya soksi, jozi ya hereni. Unaweza kukiondoa kimoja na kingine kikabaki kuwa kiatu au soksi. Mkasi hauna tabia hiyo, na suruali vilevile. Neno “pair” la Kiingereza linabeba kazi mbili, yaani kutaja viwili vinavyolingana na kuhesabu kitu kimoja chenye pande mbili. Jozi yetu inabeba kazi ya kwanza tu.

Kwa hiyo mfasiri anapokutana na “pair of”, ajiulize kwanza: nikikigawa, kila nusu ni kitu kamili? Kama ni kitu kamili, aandike jozi. Kama si kitu kamili, alitupe neno “pair” lote bila huruma. “A pair of scissors” ni mkasi, “two pairs of scissors” ni mikasi miwili, “a pair of trousers” ni suruali, “a pair of glasses” ni miwani. Kwenye orodha za vifaa kosa hili linaleta hasara ya kweli, maana “10 pairs of scissors” iliyogeuzwa kuwa “jozi 10 za mikasi” inamfanya mtu wa stoo atafute mikasi 20.

Je, “a scissor” au “a scissors” ni kosa?

“A scissor” kwa maana ya mkasi mmoja huhesabiwa kuwa kosa katika Kiingereza sanifu, ingawa utaikuta sana kwenye matangazo ya kuuza bidhaa.

“A scissors” ni suala jingine. Ireland ni jambo la kawaida kabisa kusikia “hand me a scissors”, na kamusi za Marekani hutambua kwamba neno hili lenye umbo la wingi linaweza kuchukuliwa kama umoja. Anayezungumza hivyo hajakosea, anafuata kawaida ya kwao. Ila kwa mtu anayejifunza, “a pair of scissors” au “some scissors” haitamletea matatizo popote duniani.

Mbona basi kuna “scissor lift” na “scissor blade” bila s?

Kwa sababu nomino hizi za pande mbili zikitangulia nomino nyingine kama kifafanuzi, mara nyingi huvua s yao. Kifaa cha kunyooshea suruali ni “trouser press”, kibweta cha miwani ni “spectacle case”, na bapa la mkasi ni “scissor blade”. “Scissor lift” ni jukwaa la kunyanyulia watu linaloinuka kwa vyuma vilivyopishana umbo la X. Michezoni utaona “scissor kick” na “scissors kick”, na yote mawili yanakubalika.

Linatamkwaje?

Kwa masikio ya Kiswahili, matamshi ya Uingereza yanakaribia “sizaz”. Ya Marekani ni “sizerz”, huku ulimi ukiikunja ile r. Herufi c haitamkwi kabisa, kama ilivyo katika “science” na “scene”. Zile s mbili za katikati hutamkwa z, jambo ambalo Kiingereza hulifanya mara chache. Mifano mingine ni “dessert” na “possess”. Na s ya mwisho nayo ni z. Kwa hiyo sauti ya s iko moja tu, mwanzoni.

Kuna mitego miwili inayotuhusu sisi moja kwa moja. Wa kwanza ni irabu. Ile i ni fupi na imelegea, ulimi haupandi juu kama kwenye i yetu. Ukiivuta ikawa “siizaz”, Mwingereza atasikia “Caesar's”, yaani “ya Kaisari”. Wa pili ni mwisho wa neno. Lugha yetu inapenda kumalizia na irabu, kwa hiyo wengi husema “sizasi”, na mara tu irabu hiyo inapoongezwa, mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unahamia kwenye “za”. Neno linakuwa na silabi tatu na mkazo mahali pasipo pake, na msikilizaji hakutambui. Ukiacha silabi mbili tu, mkazo unaangukia “si” wenyewe, nao ndio mahali pake.

Kama c haitamkwi, iliingiaje?

Iliingizwa na wasomi waliokosea chanzo cha neno. Hiki ndicho kipande cha kuvutia kuliko vyote katika historia ya neno hili, kwa hiyo tuanze mbali kidogo.

Katika Kilatini kulikuwa na kitenzi “caedere”, kukata. Kikiunganishwa na viambishi, sehemu yake ya kati iligeuka kuwa “cis-”. Kilatini cha zama za mwisho kikaunda “cisorium”, kifaa cha kukatia, na wingi wake “cisoria”. Kifaransa cha kale kikapata “cisoires”. Kiingereza kikalipokea kutoka huko mwishoni mwa karne ya 14, nalo likaandikwa kwa namna mbalimbali, kama “sisours” na “cisours”. Waandishi wa wakati huo waliandika walivyosikia, na hawakusikia chochote kati ya s na i.

Halafu ikafika karne ya 16, zama ambazo wasomi wa Ulaya walikihusudu Kilatini. Walipenda kila neno lionyeshe ukoo wake wa Kilatini katika maandishi, hata kama mdomo haukuutamka. Walipoutafuta ukoo wa neno hili wakaliona “scissor” la Kilatini, lililotokana na kitenzi kingine kabisa, “scindere”, kupasua. Maana ilikaribiana na sauti ilifanana. Wakaamini ndilo, wakaichomeka c, na uandishi huo ukashika.

Lakini “scissor” la Kilatini halikuwa jina la kifaa. Lilikuwa jina la mtu: mkataji, anayekata nyama mezani, na baadaye katika Kilatini cha zama za kati fundi cherehani. Lilikuwa pia jina la aina moja ya mpiganaji wa uwanjani, gladieta. Mkasi wenyewe Warumi waliuita “forfex”, na kutoka hapo Waitalia wanasema “forbici” hadi leo. Mtu wa Roma angelikuta neno hili la Kiingereza, angedhani unamtajia kundi la wakataji nyama.

Mambo hayakutulia mara moja. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya 1755, bado alilazimika kueleza kwamba neno hili linaandikwa kwa namna tofauti kulingana na kitenzi ambacho kila mwandishi anaamini ni chanzo chake, na akataja maumbo kama “cisors” na “cizars”. Umbo lenye makosa ndilo lililoshinda.

Kuna maneno mengine ya Kiingereza yaliyopata c kwa njia hiyo?

Yapo, na moja ni la kifaa cha kukatia pia. “Scythe”, fyekeo lenye mpini mrefu na bapa lililopinda, ni neno la Kiingereza cha asili kabisa lililokuwa likiandikwa bila c. Halina uhusiano wowote na Kilatini. Wasomi wakaliona linakata, wakalihusisha na “scindere” lilelile, wakaliongezea c. “Scent”, harufu, lilitoka Kifaransa “sentir” na halikuwa na c, nalo likapewa. Anayelalamika kwamba tahajia ya Kiingereza ni ngumu ana haki ya kujua kwamba sehemu ya ugumu huo iliongezwa na watu, kwa makusudi, wakidhani wanasaidia.

Ndugu wa kweli wa “scissors” ni maneno gani?

Wa karibu zaidi ni “chisel”, patasi. Kifaransa kinaonyesha undugu huo waziwazi: “ciseau” katika umoja ni patasi, na “ciseaux” katika wingi ni mkasi. Ukiweka makali mawili pamoja, patasi imekuwa mkasi.

Wengine wametawanyika kila pembe ya lugha. “Incisor” ni jino la mbele linalokata. “Precise” na “concise”, yaani sahihi kabisa na fupi, yana picha ya kitu kilichokatwa kikabaki kinachotakiwa tu. “Decide” limetoka kwenye “kukata na kutenga”, na hapa Kiswahili na Kilatini vimekutana bila kuambizana, maana nasi tunasema kukata shauri. Hata “cement”, saruji, limo: kwa Kilatini “caementum” lilikuwa vipande vya mawe yaliyochongwa.

Mwandishi wa Kirumi Plinio Mzee alidai kwamba hata jina la Kaisari lina kitenzi hiki, kwa sababu mmoja wa ukoo huo alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kukatwa. Wataalamu wa lugha hawakubaliani juu ya asili hiyo, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi.

“Shears” na “scissors” si kitu kimoja?

Kazi yao ni moja, ukoo wao ni tofauti. “Shears” ni neno la asili, la ukoo wa lugha unaojumuisha Kiingereza na Kijerumani, lililokuwamo katika Kiingereza tangu mwanzo, kabla Wafaransa hawajaleta lao. Ndugu yake ni “Schere”, mkasi kwa Kijerumani cha leo. Limo pia katika “share”, kugawa, na katika “short”, “shirt” na “skirt”, ambayo yote yana wazo la kitu kilichokatwa.

Kwa mafundi mpaka uko hivi: “scissors” ni mkasi usiozidi inchi 6, kama sentimita 15, wenye matundu mawili yanayolingana. “Shears” ni mrefu zaidi, na tundu moja huwa kubwa la kuingiza vidole viwili au vitatu, jingine dogo la dole gumba. Huo ndio mkasi mzito wa fundi cherehani. “Shears” huitwa pia mkasi wa kunyolea manyoya ya kondoo, na wa kukatia michongoma. Nje ya karakana watu hawapimi, husema “scissors” kwa yote.

Maneno jirani ni machache na hayachanganyi sana ukishayazoea. “Clippers” ni kikatio cha kucha au mashine ya kunyolea. “Snips” ni mkasi wa kukatia bati. “Secateurs” ni mkasi mfupi wenye springi wa kupogolea matawi. Wamarekani huuita “pruning shears” au “pruners”. “Pinking shears” ni ule wenye meno ya msumeno unaoacha ukingo wa kitambaa katika umbo la zigizaga ili nyuzi zisifumuke. Yote haya, tafadhali, ni ya wingi vilevile.

Kifaa chenyewe kina umri gani? Si Leonardo da Vinci aliyekibuni?

Hakukibuni yeye. Dai hilo linazunguka sana lakini mkasi ulimtangulia kwa maelfu ya miaka.

Mikasi ya kale kabisa, inayohusishwa na Mesopotamia miaka 3,000 hadi 4,000 iliyopita, haikuwa na skrubu. Ilikuwa mabapa mawili ya shaba nyeusi yaliyounganishwa nyuma kwa utepe wa shaba hiyohiyo uliopindwa. Ukiibana, makali yanapishana; ukiachia, utepe unayafungua tena wenyewe. Muundo huo bado uko hai katika mkasi wa kondoo wa mkono. Mkasi wa kupishana kwenye egemeo la kati unahusishwa na Warumi wa karibu mwaka 100 baada ya Kristo. Kwa karne nyingi baadaye aina zote mbili zilitumika sambamba.

Nchini China, jina la Zhang Xiaoquan limehusishwa na mikasi ya Hangzhou tangu 1663. Uingereza, Robert Hinchliffe wa Sheffield anatajwa kuwa wa kwanza kutengeneza mikasi kwa chuma cha pua cha kuyeyushwa, mwaka 1761. Katika karakana za Sheffield fundi wa hatua ya mwisho aliitwa “putter-togetherer”, mwunganishaji. Kazi yake ilikuwa kuyaoanisha mabapa mawili mpaka yakubaliane, na jina lake linaeleza ugumu wa mkasi kuliko maelezo marefu. Mabapa mazuri hayako bapa kabisa: yamepinda kidogo mno kuelekeana, kiasi kwamba yakifungwa hugusana katika nukta moja tu, na nukta hiyo husafiri kutoka kwenye skrubu hadi nchani. Nyanyua mkasi uliofungwa, uelekeze kwenye mwanga, na utauona upenyo mwembamba katikati ya mabapa. Usidhani umeharibika, upenyo huo ndio unaoufanya ukate.

“Left-handed scissors” ni mkasi uliogeuzwa mpini tu?

Hapana, mabapa yenyewe yamebadilishana nafasi. Katika mkasi wa kawaida bapa la juu liko kulia. Mkono wa kulia unapofumba, dole gumba husukuma nje na vidole vingine huvuta ndani, na msukumo huo mdogo hubana mabapa pamoja. Mkono wa kushoto ukifanya vilevile, unayatenganisha: karatasi inakunjika na kuingia katikati badala ya kukatika. Kuupindua mkasi juu chini hakusaidii, kwa sababu bapa la kulia litabaki juu hata ukiupindua. Mwalimu anayemwona mtoto wa mkono wa kushoto anatafuna karatasi kwa mkasi asimwambie hana bidii, ampe mkasi wake.

Kwa Kiingereza, anayetumia mkono huo anaomba “left-handed scissors” au “a pair of left-handed scissors”. Kivumishi hiki kwa kawaida hukaa kabla ya “scissors”.

Neno hili linatumika nje ya kukata?

Sana, na karibu kila mara picha ni ile ya vitu viwili vinavyopishana au kuachana kuanzia nukta moja.

Mpirani, “scissors kick” ni pigo la mchezaji aliye hewani, miguu ikipishana, na wengi hulitumia hata kwa lile tunaloliita tikitaka. Kwenye kuogelea ni mpigo wa miguu wa anayeogelea kwa ubavu. Katika kuruka juu, mtindo wa “scissors” ni wa kuvusha mguu mmoja kisha mwingine huku mwili ukiwa wima. Mchezo wa watoto wa jiwe, karatasi na mkasi huitwa “rock paper scissors”, na baadhi ya Waingereza husema “scissors paper stone”.

Katika usanifu wa majengo, Kanisa Kuu la Wells huko Uingereza lina matao yanayoitwa “scissor arches”, yaliyojengwa kati ya 1338 na 1348 kuuzuia mnara uliokuwa ukizama. Tao moja limekaa wima na jingine limepinduliwa juu yake, vikagusana vilele.

Wanauchumi wanalo “scissors crisis”. Mwaka 1923 katika Umoja wa Kisovyeti bei za bidhaa za viwandani zilipanda huku za mazao ya wakulima zikishuka, na Trotsky, mmoja wa viongozi wa nchi hiyo, akaonyesha grafu yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Kikomunisti: mistari miwili ikifunguka kama mkasi. Wakulima hawakuwa na sababu ya kuuza nafaka kwa fedha isiyonunua kitu. Ukitafsiri, “mgogoro wa mkasi” inatosha, mradi ueleze mara moja ni mistari gani inayoachana.

Je, ni kitenzi pia?

Ndiyo, tangu karne ya 17. “To scissor” ni kukata kwa mkasi, na “scissored out of a newspaper” ni kilichokatwa gazetini. Hutumika pia kwa miguu inayofunguka na kufunga. Kwa kazi ya kila siku, hata hivyo, “cut” inatosha, na “snip” inafaa kwa mkato mdogo wa haraka. “Scissor” kama kitenzi huonekana kama mwandishi amejipamba kupita kiasi.

Kuna uhusiano kati ya “scissors” na “mkasi”?

Hakuna. Mkasi umetoka Kiarabu “miqass”, kutoka kitenzi cha kukata. Ile mi- ya mwanzo ni alama ya Kiarabu ya kuunda majina ya vifaa, nasi tukaichukua kama kiambishi chetu cha ngeli na kupata m- na mi-, kama tulivyofanya kwa msumari uliotoka “mismar”.

“Genetic scissors” nitafsiri vipi?

“Mkasi wa jeni”, kwa umoja. Neno hili lilienea mwaka 2020, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mbinu ya CRISPR/Cas9, ambayo inakata DNA mahali palipochaguliwa. Waandishi wengi huweka “mikasi ya jeni” kwa kuifuata ile s, na msomaji anabaki akidhani ni vifaa vingi. Unapozungumzia mbinu hiyo moja, ni mkasi mmoja. Wingi utumie tu pale makala inapotaja vimeng'enya vya aina mbalimbali, kila kimoja kikiwa na namna yake ya kukata.